Ngoma za Burundi ndani ya roki: sauti ilisafiri, majina yakabaki

Mwaka 1971 wasikilizaji nchini Uingereza walisikia redioni mdundo ambao mkazi yeyote wa Bujumbura angeutambua mara moja: ngoma za Burundi, zikiwa zimeongezewa gitaa na piano. Wimbo huo, "Burundi Black", uliandaliwa na mwanamuziki wa Ufaransa, Mike Steïphenson, na uliingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana. Wapiga ngoma wenyewe hawakujulikana kwa majina.

Ngoma hizo zilirekodiwa nchini Burundi mwaka 1967, muda mfupi baada ya ufalme kuondolewa Novemba 1966. Rekodi hiyo ilitolewa na Ocora, lebo ya redio ya taifa ya Ufaransa.

Kwa nini roki iliitafuta sauti ya mbali hivyo? Katikati ya miaka ya 1960 ilizuka roki ya saikedelia, yaani muziki wa gitaa za umeme zenye mwangwi mwingi na nyimbo ndefu zinazomchukua msikilizaji kama ndotoni. Wanamuziki wake walisaka ala na midundo ya mataifa mengine ili kupata ladha mpya.

Huko Amerika ya Kusini, kazi hiyo ya kuchanganya ilifanywa na wanamuziki wa bara hilo wenyewe. Kundi la Los Jaivas, lililoanzishwa Chile mwaka 1963, liliunganisha gitaa la umeme na kinanda pamoja na filimbi na charango, ala ndogo ya nyuzi ya milima ya Andes. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1973 kundi hilo lilihamia Argentina, kisha Ufaransa. Hata uhamishoni, waliamua wao nini kichanganywe na nini kiachwe, na kazi ilitoka kwa jina lao.

Ngoma za Burundi zilipita njia nyingine. Kwa Kirundi, neno ingoma humaanisha ngoma na pia ufalme. Katika kundi la wapigaji, inkiranya hukaa katikati na kuongoza, amashakwe hushikilia mdundo usiobadilika, na ibishikizo huifuata inkiranya. Studioni, mpangilio huo wote uligeuzwa kuwa msingi wa kuwekea gitaa. Mwaka 1975 Joni Mitchell alitumia rekodi ya ngoma za Burundi katika wimbo "The Jungle Line". Kufikia mwaka 1981, makundi ya Adam and the Ants na Bow Wow Wow yalikuwa yakiuiga mdundo huo kwa ngoma zao.

Hapa ndipo penye utata wa kisheria. Rekodi huwa na mmiliki, ambaye mara nyingi ni aliyeigharimia. Mdundo usio na mtunzi anayejulikana huhesabiwa kuwa wa jadi, na anayeuiga kwa kawaida hadaiwi chochote. Mwaka 2014 UNESCO iliuorodhesha mchezo wa ngoma ya kifalme ya Burundi katika urithi wa utamaduni wa binadamu. Hiyo ni heshima kubwa, lakini haimpi mpigaji malipo mdundo wake unapotumika.

Mwaka 1982 wapiga ngoma wa Burundi walipanda jukwaani wenyewe nchini Uingereza, katika tamasha la kwanza la WOMAD, wakapiga pamoja na bendi ya roki ya Echo & the Bunnymen. Mchanganyiko ulikuwa uleule wa ngoma na gitaa, ila safari hii waliopiga walionekana na walitambuliwa.

Kwa vijana wa Bujumbura wanaochanganya ingoma na gitaa au kompyuta, funzo liko wazi. Kabla ya kurekodi, majina ya wapigaji wote yaandikwe, mgawanyo wa mapato ukubaliwe kwa maandishi, na kazi isajiliwe OBDA, ofisi ya Burundi inayoshughulikia haki za watunzi. Wapigaji wa mwaka 1967 hawakupata nafasi hiyo.