Goti Likiuma, Lisilazwe

"Goti langu limekwisha mafuta." Ndivyo tunavyoambiana hapa Uingereza tukikutana msibani au harusini, hasa sisi tunaotunza wazee na tunaofanya kazi kwenye maghala, ambako zamu nzima ni kuinua, kuinama na kusimama. Kisha tunameza dawa za maumivu na kukaa kitako. Hapo ndipo tunapojiumiza zaidi.

Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya goti, hauna mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ute wa kiungo, na mwendo ndio unaouingiza. Goti lisilotumika hukakamaa, misuli ya paja hunywea, na kiungo hukosa wa kukisaidia kubeba mwili. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huku, kuhusu kulika kwa viungo unatanguliza mazoezi, na kupunguza uzito kwa aliyezidi.

Anza na kiti. Keti kwenye kiti imara, nyayo zikanyage sakafu. Inama mbele kidogo, simama bila kujisukuma kwa mikono, kisha keti polepole. Rudia mara tano. Ukiyumba, shika meza. Maumivu kidogo si hatari. Yakizidi na kukufuata hadi kesho yake, punguza idadi, usiache.

Mifupa nayo huimarika ikibebeshwa uzito: tembea kwa kasi, panda ngazi, cheza ngoma. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku 2 za kujenga misuli. Akina mama waliokoma hedhi wasilipuuze hili, kwani homoni ya estrojeni ikishuka mifupa hupungua haraka. Tena jua la huku ni haba: NHS inawashauri wenye asili ya Afrika wafikirie kutumia mikrogramu 10 za vitamini D kila siku, mwaka mzima.

Sehemu nyingi za England unaweza kuomba fiziotherapia ya NHS mwenyewe, bila kupitia kwa GP na bila malipo. Kiingereza kikikupa shida, omba mkalimani, naye ni bure. Usimbebeshe mtoto wako kazi hiyo.

Ila goti likivimba, likawa la moto na homa juu yake, au ukianguka usiweze kukanyaga, tafuta matibabu siku hiyo hiyo. Na kwa sisi tunaoinua na kuinama, mgongo nao tusiusahau: maumivu yake yakiambatana na ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo, nenda idara ya dharura mara moja.

Ndugu zangu, tumekuja huku kutafuta, na mtaji wetu ni mwili. Mwenye goti linalomsumbua aombe miadi wiki hii, asingoje likizo.