Kisima cha nyumbani: piga hesabu ya maji kabla ya kushika sururu

MKULIMA wa Iringa na Njombe amezoea kulima tena baada ya mvua kwisha. Huteremka bondeni kwenye ardhi yenye unyevu, akainua matuta na kupanda mahindi ya kuchoma, maharage, nyanya na mboga za majani. Bustani hizo ndizo vinyungu, na katika kaya nyingi fedha zake ndizo zinazolipa ada za shule na mbolea ya msimu unaofuata.

Kilimo hicho sasa kimebanwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Mwenye kinyungu ukingoni mwa mto hana hoja mbele ya kifungu hicho. Ndiyo maana wakulima wengi wanaulizia kuipandisha bustani nyumbani kwa kuchimba kisima kifupi kwa sururu na koleo.

Jambo hilo linawezekana, wala si geni nchini. Shinyanga ilianza mradi mkubwa wa visima vifupi mwaka 1974 kwa msaada wa Uholanzi, na Morogoro ikafuata mwaka 1978. Visima vile, hata hivyo, vilikusudiwa maji ya kunywa ya vijiji. Kisima cha kumwagilia mazao ya sokoni kina hesabu nyingine, na ni heri kuifanya kwenye daftari kabla ya kuifanya ardhini.

Tuchukue mfano wa kaya inayonunua madumu 10 ya lita 20 kila siku kwa shilingi 100 kila dumu, kwa siku 150 za kiangazi. Hiyo ni shilingi 150,000. Kisima kilichogharimu shilingi 1,500,000 kitahitaji miaka 10 kurudisha fedha hizo kwa maji ya nyumbani peke yake. Weka bei za kijijini kwako, lakini picha haitabadilika sana: mzigo wa kulipa kisima unabebwa na bustani.

Bustani nayo inakunywa. Mboga wakati wa kiangazi zinahitaji takribani lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Eneo la mita 20 kwa 20 linataka lita 2,000, yaani ndoo 100. Ekari moja inataka lita 20,000, na hapo msomaji ataona kwamba anayeota ekari nzima ya nyanya kwa kisima kimoja cha sururu anajidanganya.

Je, kisima kitatoa kiasi gani? Kisima chenye upana wa mita 1.2 kwa ndani hubeba lita 1,130 katika kila mita moja ya maji. Chota mpaka maji yashuke mita moja, acha, kisha tazama saa. Yakirudi ndani ya saa 4, unaweza kuchota kiasi hicho asubuhi na jioni, ukapata zaidi ya lita 2,200: za kaya 200, za bustani 2,000. Yakichukua siku nzima kurudi, bustani yako isizidi mita za mraba 180 hivi. Kipimo hicho kifanyike Oktoba au Novemba, kabla mvua hazijaanza. Cha mwezi Mei kitakupa matumaini ya uongo.

Kwa sababu hiyo hiyo uchimbaji nao ufanyike mwishoni mwa kiangazi. Ukikuta maji Novemba na ukaendelea kushuka mita 2 au 3 ndani yake, una kisima. Ukiyakuta Aprili ukaridhika, una shimo litakalokauka wakati nyanya zinaanza kutoa maua.

Kuhusu mahali pa kuchimba, dalili kama mti wa mkuyu au majani mabichi wakati wa ukame zina maana, lakini kipimo bora ni kisima cha jirani: teremsha kamba yenye jiwe upate kina chake. Kama hakuna jirani mwenye kisima, toboa kwanza kwa keekee ndefu ya kuzungushwa kwa mikono. Tundu la upana wa sentimita 10 linatoa udongo kidogo sana. Shimo la upana wa mita 1.5 linatoa zaidi ya mara 200 ya huo, takribani tani 3 kwa kila mita ya kwenda chini. Kuchimba mita 10 na kukuta mwamba mkavu ni kupandisha tani 30 za udongo bure. Choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi, tena upande wa chini ya mteremko.

Wachimbaji kwa kawaida hulipwa kwa mita, na kila wanavyoshuka bei hupanda. Makubaliano yaandikwe mbele ya shahidi: nani anabeba hasara wakikuta mwamba, na nani ananunua kamba na kofia ngumu. Mwenye nyumba asiyetaka kununua kamba mpya ya mchimbaji anabana matumizi mahali pabaya kuliko pote.

Sasa tufike kwenye pampu, maana hapa ndipo fedha na roho za watu hupotea pamoja. Pampu ya petroli inayokaa juu ya ardhi huvuta maji kwa msaada wa mgandamizo wa hewa. Pwani itavuta kutoka kina cha mita 7 hivi. Njombe, iliyo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na usitegemee zaidi ya mita 5. Pampu nyingi za kukanyaga zina mpaka huo huo. Mkulima ananunua mashine, anaifunga, maji hayapandi. Fundi anamshauri aiteremshe ndani ya kisima, ikae karibu na maji.

Ushauri huo unaua. Injini ikiwaka ndani ya shimo hutoa kabonimonoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na dakika chache zinatosha. Anayeteremka kuizima anaanguka, ndugu yake anamfuata kumwokoa, naye anaanguka. Hata bila injini, shimo refu linaweza kukosa oksijeni au kujaa hewa ya ukaa, ambayo ni nzito na hutulia chini. Mshumaa ulioteremshwa kwa kamba ukizimika, asiingie mtu. Ukiendelea kuwaka bado si ruhusa, kwa kuwa mshumaa hauioni kabonimonoksaidi. Mchimbaji afungwe kamba kiunoni na mabegani, watu wawili wakae juu muda wote, na akinyamaza avutwe, asifuatwe. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kwa kina cha zaidi ya mita 5, maoni yangu ni kwamba mkulima mdogo aanze na pampu ya kamba. Gurudumu linakaa juu, kamba yenye vizibo inapita ndani ya bomba na kuinua maji kutoka chini, kwa hiyo haisumbuliwi na mpaka wa kuvuta. Kwa kina cha mita 10 mtu mzima anaweza kutoa hadi lita 40 kwa dakika. Zile lita 2,000 ni kazi ya dakika 50, na fundi wa kuchomelea wa kawaida anaweza kuirekebisha.

Kuta nazo zisiachwe wazi. Udongo mwekundu mgumu husimama wenyewe miaka mingi ukakupa moyo, kisha mvua moja kubwa ikauangusha. Pete za zege, ambazo mafundi wengine huziita kalavati, ni salama zaidi, hasa penye mchanga: pete huwekwa juu, mchimbaji akafukua chini yake, nayo ikashuka kwa uzito wake. Pete ya upana wa mita 1.2 na kimo cha nusu mita ina kilo zaidi ya 350, hivyo ifyatuliwe pale pale kisimani. Mita 3 za juu zizibwe kwa saruji ili maji machafu yasipenye, mdomo uinuliwe na ufunikwe, na sakafu yenye mfereji izunguke kisima. Kifuniko si pambo. Watoto hutumbukia.

Maji ya kunywa yachemshwe au yawekewe dawa. Wasomaji wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga wapeleke sampuli kwenye maabara ya maji ya mkoa kupima floraidi, ambayo kuchemsha hakuiondoi.

Mwisho, kuchota maji ya nyumbani ni jambo moja na kumwagilia mazao ya kuuza ni jingine. Kwa hilo la pili Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali, na kinatolewa na Bodi ya Maji ya bonde lako. Ya Bonde la Rufiji ofisi yake iko Iringa mjini. Nenda na kina cha kisima, ukubwa wa bustani na idadi ya lita utakazotoa kwa siku, kwa kuwa kibali huandikwa kwa kiasi cha maji.