Ugonjwa na Vita: Serikali Itangulize Nini?

Katika misioni za Beni na Butembo watu wanauliza neno moja mara nyingi, tena wanamwuliza kwanza padri ao mkatekista, kwa sababu yeye ndiye aliye karibu: Serikali ikiwa na feza kidogo na askari wachache, ianze na kufukuza ugonjwa, ao ianze na kufukuza wauaji? Wako wanaojibu upesi. Sisi tutazame kwanza mambo yenyewe.

Eringeti iko kwenye barabara ya kutoka Beni kwenda Komanda na Bunia, kilometa 55 hivi upande wa kaskazini ya Beni. Tangu Oktoba 2014 wauaji waliingia katika vijiji vya pande hizo na mapanga na bunduki. Mauaji mengi yanahesabiwa juu ya ADF, kundi lililotoka Uganda. Mpaka mwisho wa mwaka 2018 watu zaidi ya elfu moja walikuwa wamekwisha kuuawa katika inchi ya Beni. Tarehe 29 Novemba 2015 walishambulia Eringeti yenyewe, wala hawakuheshimu kituo cha afya: wagonjwa waliuawa mle ndani. Basi mtu anayesema kwamba usalama ni shauri moja na afya ni shauri lingine, atuambie wafu wale atawaandika katika kitabu gani.

Tarehe 1 Agosti 2018 Serikali ilitangaza kwamba Ebola imeonekana Mangina, magaribi ya Beni. Ugonjwa ule ulidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 wakafa. Wafundishaji wafahamu vizuri namna ya kuushinda, kwa maana ndipo vita inapoingia. Mtu akiugua, wanatafutwa wote waliomgusa. Kila mmoja anatazamwa siku kwa siku, muda wa siku 21, kusudi akianza homa atengwe mbele hajawaambukiza wengine. Wanachanjwa wao pamoja na wale waliokutana nao. Hiyo ni kazi ya miguu na ya uaminifu. Mtu mmoja tu akikosekana, mnyororo unaanza upya mahali pengine.

Sasa tarehe 22 Septemba 2018 wauaji waliingia mji wa Beni. Watu wakafa, mji ukafunga milango kwa matanga na kwa hasira, na waliokuwa wakifuata wagonjwa hawakuweza kupita siku kadhaa. Panga halikugusa dawa wala chanjo, lakini lilikata ule mnyororo wa siku 21. Ndiyo maana nasema kwamba kwetu hatari hizi mbili haziwekwi kwenye mizani kama magunia mawili ya kahawa, moja huku na moja huku. Zimefungwa pamoja.

Wakubwa walizipima vibaya, na kosa lao lilionekana kwa kila mtu. Tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura tarehe 30 pamoja na inchi nzima. Watangoje mwezi wa Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ya usalama mbaya. Lakini Raisi mpya aliapa tarehe 24 Januari 2019! Kura za Machi zingemchagua nani? Watu waliona tena kwamba masoko yalikuwa wazi, na makanisa vilevile. Kesho yake, tarehe 27 Desemba, watu wenye hasira walishambulia kituo cha kupokea wagonjwa wa Ebola mjini Beni, na wagonjwa wakakimbia. Tendo baya hilo, hatulisifu. Lakini tulifahamu: Serikali ilipotumia ugonjwa kama kisingizio, wengi walianza kusema ugonjwa wenyewe ni kisingizio. Tarehe 30 wengine walijipangia uchaguzi wao wenyewe, usio na nguvu mbele ya sheria, na walinawa mikono kwanza. Hao walifahamu Ebola kuliko waliowakataza.

Toka siku zile uaminifu ulipungua sana. Februari 2019 vituo vya kutunza wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili munganga Richard Mouzoko, mtu wa Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya la Dunia, aliuawa kwa risasi katika lopitali ya Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Ikalazimu magari ya waganga kusindikizwa na askari. Hapo mtu wa Eringeti akauliza: Tulipopiga simu usiku wakati wa kuuawa, askari walikuwa wapi? Na mbona leo wanapatikana kwa kulinda gari? Feza zilizomiminika ziliongeza manunguniko, na si bure: mwaka 2020 korti ilimhukumu waziri wa afya wa zamani, ingawa yeye alikana, kwa kuiba feza ya Ebola.

Wakati uleule surua ilikuwa inaua watoto katika Kongo nzima. Tangu mwanzo wa 2019 mpaka Januari 2020, zaidi ya 6,000 walikufa, karibu mara tatu ya wafu wote wa Ebola. Lakini surua haiogopeshi wageni, na haisimamishi ndege.

Liko jambo moja ambalo waseminari walichunguze wanaposoma juu ya kazi ya Serikali na mafaa ya wote. Shirika International Rescue Committee lilihesabu wafu wa vita ya Kongo iliyoanza 1998. Wataalamu wanabishana juu ya jumla, lakini habari kubwa ni hii: wengi sana hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa malaria, kwa kuhara, kwa kukohoa, kwa njaa, kwa kuwa walikimbia mbali na dispensari. Mama wa Eringeti anayelala porini na mtoto mwenye homa yuko katika hesabu hiyo. Basi askari anayelinda barabara ya Eringeti ni mlinzi wa dawa vilevile. Na feza yote ikienda kwa bunduki, dispensari ikabaki na kuta tupu, yule mama amelindwa nusu tu. Serikali za Afrika ziliahidi huko Abuja, mwaka 2001, kutoa sehemu 15 kwa mia ya feza zao kwa ajili ya afya. Yetu haijafika huko.

Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa jeshi. Mauaji hayakuisha: usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 watu zaidi ya 40 waliuawa Komanda, wengine wao katika sala ya usiku. Kumbe Ebola ilirudi Beni mnamo Oktoba 2021, ikaisha Desemba 16, wagonjwa 11 tu. Safari ile chanjo ilikuwa tayari, na waganga wa mahali waliujua ugonjwa na waliwajua watu.

Padri ao mkatekista akiitwa kwenye baraza la usalama la mahali pake, asiulize tu waasi wameonekana wapi. Aulize vilevile ni dispensari gani zimefungwa, na tangu siku gani.