Kutua na Upepo wa Ubavuni

Ndege ndogo inapotua huku upepo ukiikata njia ya kurukia kutoka upande mmoja, hupita kati ya hali mbili zisizofanana. Ikiwa angani hubebwa na hewa popote hewa inapokwenda. Matairi yakishagusa lami, inatakiwa ifuate ardhi. Ugumu wote wa somo hili umo katika sekunde chache zinazotenganisha hali hizo. Simuleta ya kompyuta, iwe FlightGear ya bure, X-Plane au Microsoft Flight Simulator, huzionyesha sekunde hizo kwa usahihi wa kutosha kumfundisha mtu. Mwanafunzi aliyeko Tunduma, mji wa malori na forodha, anaweza kuzirudia jioni nzima bila kuchoma lita moja ya mafuta.

Utaratibu wa kawaida wa kufundisha una hatua nne: kukokotoa upepo, kuelekeza pua, kuinamisha bawa, kisha kuidhibiti ndege inapokimbia chini. Kabla ya hatua ya kwanza, hata hivyo, ipo dhana ya kung'oa, kwa sababu ikibaki kichwani hatua zote nne huharibika.

Dhana yenyewe ni kwamba upepo huipiga ndege ubavuni muda wote, na kwamba rubani hodari ni yule anayeshindana nao kwa kukanyaga pedali mfululizo. Imeenea mno, na video za ndege kubwa zinazoshuka kiupandeupande zimeizidishia nguvu. Hewani hakuna kipigo hicho. Upepo unaovuma kwa kasi moja ni hewa nzima inayohama, na ndege iliyomo ndani yake huhama nayo. Ni kama mtumbwi unaovuka Ruvuma: mkondo haumgongi mpiga kasia ubavuni, umembeba yeye na chombo chake, naye huelekeza omo juu kidogo ya mahali anakokwenda ili afike hapo. Ushahidi upo kwenye dashibodi. Mwanafunzi aweke upepo wa noti 25 (maili 25 za baharini kwa saa) kutoka kulia, aruke mabawa yakiwa yamelala sawa, kisha atazame kimpira kilichomo kwenye kipimo cha kugeuka. Kitakaa katikati. Kama kungekuwa na kipigo cha ubavuni, kimpira kingesogea. Kinachobadilika ni njia inayochorwa ardhini tu, ambayo kwenye ramani ya GPS huonekana ikielekea kushoto mwa pua.

Mivumo ya ghafla ni jambo jingine. Hiyo huitikisa ndege kweli, kwa sababu hewa hubadili mwendo kabla ndege haijawahi kuufuata. Juu ya milima ya Mbeya na Mbozi mitikisiko hiyo imezushiwa hadithi za wachawi na nyungo zao, na wapo watu wazima wenye elimu wanaozirudia bila haya. Hadithi hizo hazina msingi wowote na zinadhuru, maana anayeziamini haangalii utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wala saa ya kuruka. Upepo unaopanda mgongo wa mlima huvunjika unaposhuka upande wa pili, na jua la mchana huipasha ardhi ikarusha hewa moto juu kwa mafungu mafungu. Ndiyo maana asubuhi pametulia na saa nane mchana pamechafuka, siku baada ya siku.

Uwanja unaofaa kwa mazoezi haya ni Songwe. Jina lake huwapotosha wengi: Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ilhali Uwanja wa Ndege wa Songwe ulianza kupokea ndege Desemba 2012, nao umo ndani ya Mkoa wa Mbeya, karibu na barabara kuu iendayo Tunduma. Kutoka Tunduma kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 70. Una njia moja, 09/27, yenye urefu wa zaidi ya mita 3,300, iliyolala mashariki-magharibi. Wajenzi hulaza njia kufuata pepo zinazotawala. Ya Zanzibar, 18/36, imelala kusini-kaskazini, na Wilson kule Nairobi kuna njia mbili zinazokatana ili rubani apate ya kuchagua. Songwe hakuna kuchagua. Kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, upepo wa kusini-mashariki hutawala nyanda hizi, na kwa njia ya 09 hufika kutoka mbele kulia.

Tuseme mnara unatangaza upepo 130 kwa noti 20. Namba 130 ni upande upepo unakotoka, si unakokwenda. Anayekosea hapo huinamisha bawa lisilo sahihi. Tofauti kati ya 130 na 090, mwelekeo wa njia ya 09, ni digrii 40. Marubani hutumia uso wa saa kukadiria: digrii 15 ni robo saa, basi robo ya upepo ni ya ubavuni, 30 ni nusu, 45 ni robo tatu, 60 na zaidi huhesabiwa upepo wote. Digrii 40 ni theluthi mbili za saa, na theluthi mbili za 20 ni 13. Hesabu kamili ya pembe hutoa noti 12.9, kwa hiyo kanuni inatosha. Upepo wa mbele unaobaki ni noti 15.

Kitabu cha ndege ndogo ya Cessna 172 kinataja noti 15 za upepo wa ubavuni, na namba hiyo nayo imezaa imani mbili za uongo. Ya kwanza husema ni sheria, ya pili husema ndege hupinduka ikizidi. Noti 15 ni kiasi ambacho rubani wa majaribio alikionyesha wakati ndege inatafutiwa cheti. Haielezi mwisho wa uwezo wa ndege, wala haimwahidi mwanafunzi kwamba naye atakiweza. Kwenye simuleta busara ni kuanza na noti 5, kisha 10, na kufika 15 pale tu matairi yanapogusa bila kulia.

Hapa mpangilio wa hatua nne hauna budi kusubiri, kwa sababu Songwe ina jambo ambalo uwanja wa pwani hauna. Njia yake iko zaidi ya futi 4,000 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 28, hewa huwa nyepesi kama ya futi 7,000 katika hali ya kawaida. Ndege inayosoma noti 65 kwenye kipimo cha kasi inakata hewa kwa noti 72 hivi. Wengi wakisikia hivyo huongeza kasi kwenye kipimo, eti kufidia mwinuko. Haitakiwi hata kidogo. Kipimo hupima msukumo wa hewa, na bawa hubebwa na msukumo huohuo, hivyo 65 inatosha Songwe kama inavyotosha Dar es Salaam. Anayekuja na 80 ataelea juu ya lami kwa mamia ya mita huku upepo ukimhamishia kushoto, na kuelea ndiko kunakowashinda wanafunzi wengi kuliko upepo wenyewe. Kinachofaa kuongezwa ni nusu ya tofauti ya mivumo: upepo wa 20 ukirukia 30, noti 5 tu.

Kwa mwendo wa noti 72 dhidi ya 13 za ubavuni, pua huelekezwa digrii 10 kulia, dira isome 100. Kwenye usawa wa bahari ingekuwa digrii 11 na ushee. Baada ya kutoa upepo wa mbele, mwendo juu ya ardhi hubaki noti 55, na mteremko wa digrii 3 huhitaji kushuka futi 290 hivi tu kwa dakika. Mwanafunzi aliyekariri futi 400 huishia kwenye majani kabla ya lami. Upepo hulegea karibu na ardhi, basi digrii 10 za juu huwa 8 au 7 chini. Pembe hairekebishwi kwa kukariri: njia ikionekana kuteleza kulia kwenye kioo, ndege inachukuliwa kushoto, na pua huongezwa kulia kidogo.

Kabla ya bawa kuinamishwa, mipangilio ya simuleta ikaguliwe. Programu nyingi humsaidia asiye na pedali kwa kuunganisha usukani wa mkia na ailoni, yaani vibao vya mabawa vinavyoiinamisha ndege, ili kimpira kikae katikati chenyewe. Msaada huo hufanya kutua kwa upepo wa ubavuni kusiwezekane, kwa kuwa hatua inayofuata hudai mkono uende kulia na mguu uende kushoto kwa wakati mmoja. Jioni nyingi zimepotea kwa kitufe hiki. Msaada huo uzimwe. Asiye na pedali atumie joistiki inayozungushwa. Hata kibodi inawezekana kwa shida: katika FlightGear na Microsoft Flight Simulator, 0 na Enter za upande wa tarakimu husogeza usukani wa mkia kushoto na kulia.

Flapu za digrii 20 zinatosha. Cessna ndogo haihitaji hata robo ya njia ya Songwe kusimama. Juu ya kizingiti cha njia, mguu wa kushoto husukuma taratibu mpaka pua ilingane na mstari mweupe wa katikati. Papo hapo usukani wa mkononi hugeuzwa kulia, bawa la kulia likashuka kuelekea upepo. Kila kidhibiti kina kazi yake: mguu hunyoosha pua, bawa huzuia kuhama. Ndege ikisogea kushoto, bawa lishushwe zaidi. Ikisogea kulia, liinuliwe. Safari hii kimpira hakikai katikati, na hakitakiwi kukaa. Kasi hupungua, pua huinuliwa, na tairi la kulia hugusa peke yake. Anayeona hilo mara ya kwanza hudhani amekosea na kulaza mabawa sawa, ndege ikahama papo hapo. Kugusa kwa tairi moja ndiko kutua kwenyewe. La kushoto hufuata, kisha la pua.

Mguu wa kushoto ukigonga pedali hadi mwisho na bawa la kulia bado halijashuka vya kutosha kuzuia kuhama, hakuna cha kubahatisha: injini yote, panda, zunguka upya au tafuta uwanja mwingine.

Chini, dhana ya kipigo cha ubavuni inakuwa kweli kwa mara ya kwanza. Matairi yameshika lami, upepo unasukuma mkia mrefu, na pua hutaka kugeukia kulia unakotoka upepo. Mguu wa kushoto huizuia. Ailoni huzidishwa kulia kadiri kasi inavyopungua, mpaka mwisho, kwa kuwa ailoni kwenye hewa ya polepole huwa dhaifu. Wengi huachia vidhibiti mara matairi yakigusa, na ndege nyingi za simuleta huishia kwenye majani katika hatua hii.

Wakati wa kurudi maegeshoni, upepo wa mbele kulia hujibiwa kwa kugeuza usukani kulia. Ndege ikigeuka upepo ukawa wa nyuma, usukani hugeuzwa upande upepo unakokwenda na kusukumwa mbele ili mkia usiinuliwe. Mwendo huwa wa mtu anayetembea. Ndege huegeshwa pua ikitazama kusini-mashariki, injini ikazimwa, kisha kufuli la vidhibiti likawekwa.