Kufunga Uzazi si Kuhasiwa

Kwenye mnada wa Msalato, Dodoma, siku ya Jumamosi, mnunuzi anayejua ng'ombe huzunguka nyuma ya mnyama kabla hajauliza bei. Anatazama korodani. Zikiwa mbili, zimelingana na zinaning'inia vizuri, huyo ni dume la mbegu. Akiona kijifuko kilichosinyaa, huyo ni maksai, wa plau au wa bucha. Ugogo mtu hahitaji shahada kulijua hilo.

Bahati mbaya, ujuzi huohuo ndio unaowatisha wanaume wanaposikia habari za vasektomi, yaani kufunga uzazi kwa mwanamume. Wengi wameshaona fahali mkorofi akigeuka mpole wa kuvuta mkokoteni, wakajipigia hesabu ya haraka: nami nitakuwa hivyo. Hofu hii si ya Dodoma peke yake. Utafiti uliofanywa Kigoma na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta wanaume wakihofia kupoteza nguvu za kiume. Siwacheki. Vipeperushi vingi huandika "haina madhara" na kuishia hapo, bila kumwonyesha mtu kinachokatwa na kinachoachwa.

Korodani ina kazi mbili, na kila kazi ina njia yake ya kutolea mzigo. Kazi ya kwanza ni kutengeneza mbegu. Ndani ya korodani moja kuna vijirija vyembamba vilivyojikunja, ambavyo vikinyooshwa na kuunganishwa vinazidi mita 200. Mbegu huumbwa kwenye kuta za vijirija hivyo kwa muda wa siku 74 hivi. Kisha huingia kwenye epididimisi, mrija mmoja wa takriban mita 6 uliojikunja nyuma ya korodani, na humo ndimo zinapokomaa na kupata uwezo wa kuogelea. Kutoka hapo kuna mrija wa mbegu, ambao hupanda hadi kinenani, ukapita nyuma ya kibofu na kuishia kwenye tezi dume.

Kazi ya pili hufanyika pembeni, katika nafasi zilizobaki kati ya vijirija hivyo. Humo zimo seli ambazo Mjerumani Franz Leydig alizieleza mwaka 1850, na ndizo zinazotengeneza testosteroni. Homoni hii ndiyo inayomwotesha kijana ndevu, kumpa sauti nzito, kumjaza misuli na kumtia hamu ya tendo la ndoa. Kwa fahali ndiyo inayonenepesha shingo na kukuza nundu. Ili kufika mwilini, testosteroni haihitaji mrija wa mbegu. Inaingia moja kwa moja kwenye damu na kuzunguka mwili mzima.

Sasa litazame koleo la kuhasia la Burdizzo, lenye jina la daktari wa mifugo wa Italia aliyelibuni. Mfugaji hulibana juu ya korodani, upande mmoja kisha wa pili, na ngozi haikatiki. Kinachopondwa ni kamba nzima inayoishikilia korodani, na ndani ya kamba hiyo hamna mrija wa mbegu tu. Mna mshipa unaoleta damu, mishipa inayoirudisha, na neva. Korodani iliyonyimwa damu hufa, ikasinyaa wiki chache baadaye. Mbegu zinakoma na testosteroni inakoma. Upole wa maksai unatokana na kukoma kwa hiyo homoni.

Daktari wa vasektomi hufanya jambo jingine kabisa. Anaganzisha ngozi ya mfuko wa korodani, anatoboa tundu dogo, anauvuta nje mrija wa mbegu peke yake, anaukata na kuziba ncha zake. Mbinu hii ya kutotumia kisu ilibuniwa nchini China mwaka 1974 na daktari Li Shunqiang. Mshipa unaoipa korodani damu haukatwi. Kwa hiyo korodani inaendelea na kazi zake zote mbili: testosteroni inaingia kwenye damu kama jana, na mbegu zinatengenezwa, ila zikikosa pa kutokea hufa na kufyonzwa na mwili.

Wepesi wa upasuaji huu unatokana na mahali korodani zilipo. Mbegu haziumbiki vizuri kwenye joto la ndani ya mwili. Zinahitaji nyuzi 2 hadi 4 pungufu, ndiyo maana korodani hukaa nje, zikavutwa juu wakati wa baridi na kushuka wakati wa joto la Novemba. Mrija wa mbegu uko pale pale chini ya ngozi, unapapasika kwa vidole. Mirija ya mwanamke iko ndani ya tumbo, na kuifunga ni kazi kubwa zaidi. Hata hivyo, kwa desturi zetu anayepelekwa kufungwa ni mama.

Wanaume huuliza pia kama shahawa zitakauka. Hapana. Sehemu kubwa ya majimaji hayo, karibu theluthi mbili, hutoka kwenye vifuko vya shahawa, na iliyobaki hutoka zaidi kwenye tezi dume. Vyote hivyo viko mbele ya mahali palipokatwa. Mchango wa korodani ni mdogo kiasi kwamba mwenye mwili mwenyewe haoni tofauti. Uume nao husimama kwa damu na neva, wala haungoji chochote kutoka kwenye mrija wa mbegu.

Yapo mambo mawili ambayo mtu anapaswa kuambiwa bila kuzungushwa. Mbegu zilizokwisha kuvuka mahali palipokatwa bado zipo hai, kwa hiyo kwa miezi 3 wanandoa waendelee na kondomu au njia nyingine, kisha shahawa zipimwe maabara hadi zionekane hazina mbegu. Na mrija uliokatwa uhesabiwe umekatwa moja kwa moja: kuurudisha ni upasuaji mgumu, ghali, na mara nyingine hauleti mtoto. Mwanamume ambaye bado anamtaka mtoto mmoja zaidi, au aliyekubali kwa sababu tu mkewe amechoka na vidonge, asipande kitanda cha upasuaji.