Silikanti wa Tanga na siasa za mageuko ya viumbe

SILIKANTI, samaki aliyedhaniwa kutoweka hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wa Tanga wamemnasa mara nyingi tangu miaka ya 2000, hutajwa na wanaounga mkono na wanaopinga nadharia ya mageuko ya viumbe.

Nchini Marekani ubishi huo hufuata vyama: wanaoikubali nadharia hiyo ni wachache zaidi miongoni mwa wafuasi wa Republican kuliko wa Democratic. Huko bodi nyingi za shule huchaguliwa kwa kura, hivyo somo la Biolojia huweza kuwa hoja ya kampeni. Hapa nchini, mitaala huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania.

Mkoani Tanga, ilikoanzishwa hifadhi ya silikanti mwaka 2009, suala la kisiasa ni jingine: kumnusuru na majarife ya kilindini bila kumnyima mvuvi riziki.