Je, Wajua? Kiswahili kimo katika Star Trek tangu 1966

Kipindi cha kwanza cha tamthilia ya Star Trek kuonyeshwa Marekani, tarehe 8 Septemba 1966, kilikuwa na Kiswahili: Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, anasemeshwa kwa lugha hiyo ndani ya chombo cha angani. Wanaolalamika kwamba tamthilia mpya za Star Trek zinapachika Uafrika usiokuwepo wanakanushwa na ushahidi huo. Kilichopungua mwanzoni ni simulizi la maisha ya Uhura. Hata jina lake la kwanza, Nyota, lilisubiri filamu ya 2009 ndipo litamkwe. Naiona tamthilia mpya ya Strange New Worlds, iliyoanza 2022, kuwa imeitendea haki mbegu ya zamani: Uhura anayeigizwa na Celia Rose Gooding ni kijana Mkenya, mjuzi wa lugha 37, aliyefiwa na wazazi na kaka yake.